Mjadala: Ni marufuku ya magari iliyoua maduka ya katikati ya Cork?

Wakuu, sisi tunaoishi Cork, huku Ayalandi, hoja hii tunaisikia kila kona, kwa kinyozi na kwenye vituo vya basi: mjini kumekufa kwa sababu wenye magari wamefukuzwa. Naileta tuijadili, na msimamo wangu nautoa mapema. Siikubali hata kidogo.

Kwa wasiopafahamu: Patrick Street ndiyo barabara kuu ya maduka. Machi 2018 halmashauri ya jiji ilizuia magari binafsi kupita pale kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12:30 jioni. Mabasi, teksi na baiskeli ruksa. Wenye maduka wakaja juu kwamba wateja wamepotea. Aprili marufuku ikasitishwa, Agosti mwaka huohuo ikarudishwa. Tangu hapo kila fremu ikifungwa, mchawi ameshajulikana.

Sasa angalieni tarehe. Mahon Point, jumba la maduka lililo pembeni ya barabara ya mzunguko ya kusini, lilifunguliwa 2005. Maegesho bure, paa juu ya kichwa, na nchi hii mnaijua kwa mvua. Hiyo ni miaka 13 kabla ya marufuku. Halafu Aprili 2020, Korona imepamba moto, Debenhams, kampuni ya Uingereza ya maduka makubwa, wakatangaza kwamba maduka yao yote ya Ayalandi hayatafunguliwa tena. Wafanyakazi, wakiwemo wa Patrick Street kwenye jengo la Roches Stores, duka kubwa la zamani la hapa, walisimama milangoni kwa zaidi ya siku 400 wakidai malipo yao. Kila mtu analikumbuka jengo lile. Ambacho hakisemwi ni kwamba Mahon Point nako kulikuwa na Debenhams, na yenyewe ikafungwa siku zilezile, na maegesho yake ya bure yakiwa palepale. Kampuni mama ya Uingereza ilishaelemewa na madeni, na wateja walishahamia kununua kwenye simu. Ungeruhusiwa kuegesha hadi mlangoni, lile duka lingefungwa tu.

Na mtaa huu si legelege. Desemba 1920 askari wa Uingereza waliuchoma moto, Roches Stores ikiwemo, ukajengwa upya. Leo tuambiwe saa tatu na nusu za alasiri ndizo zimeumaliza?

Tuje kwenye jambo ambalo naona mjadala wa maegesho unalifunika, yaani matembezi ya familia. Wazee wa hapa ukiwagusia Youghal, mji wa pwani ulio kama kilomita 50 mashariki ya jiji, wanakusimulia treni ya Jumapili wakati wa kiangazi. Watoto na ndoo zao za mchanga, mama na kapu la chakula, behewa limejaa hadi watu wanasimama. Safari za kawaida za abiria zilikoma 1963, zile za matembezi zikaendelea kwa muda, nazo zikaisha. Anayekwenda baharini kwa treni, atake asitake, anaanzia na kumalizia safari yake stesheni ya jiji, na jioni anashuka pale na watoto wenye njaa, mjini ni mwendo mfupi kwa miguu.

Mwenye gari leo anafanyaje? Anatoka Douglas, kitongoji cha kusini mwa jiji, anapita handaki la Jack Lynch lililofunguliwa 1999, anaibukia mashariki, anafika pwani bila kuliona jiji hata kwa mbali. Akirudi, upande wa pili wa handaki anapokelewa na nani? Mahon Point. Hata mimi ningesimama pale.

Na Youghal kwenyewe je? Barabara ya mchepuko ilijengwa 2003, wasafiri wa kwenda Waterford, jiji lililo mbele zaidi upande wa mashariki, wakaacha kupita katikati ya mji. Tembea ile barabara kuu inayopita chini ya mnara wa saa wa 1777, uhesabu mwenyewe vioo vilivyofunikwa kwa ndani. Magari yanaingia pale muda wote, na maduka yamefungwa vilevile.

Mtasema basi lipo. Lipo, kweli, linapita vijiji vya Castlemartyr na Killeagh, na Jumamosi ya jua linakwama kwenye foleni na magari ya wanaokwenda huko huko. Nimeshuhudia dereva akimwambia mama akunje kigari cha mtoto, mtoto amelala ndani, taulo zimening'inia kwenye mpini, foleni nyuma yake inaguna. Yule mama alishuka. Sidhani kama wiki iliyofuata alijaribu tena.

Reli ya zamani sasa imegeuzwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kilomita 23 kutoka Midleton, mji ulio kati ya Cork na Youghal, hadi Youghal. Nimeipita, ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini bibi mwenye magoti mabovu na wajukuu wake hawaendeshi kilomita 23 kwenda na nyingine 23 kurudi. Kinachouma ni kwamba treni ya Cork hadi Midleton ilirudishwa 2009. Nusu ya kazi ilishafanyika!

Linganisheni na Cobh, mji wa bandari karibu na Cork. Treni haikuondolewa, njiani inasimama Fota penye bustani ya wanyama, na wikendi yenye jua mabehewa yamejaa vigari vya watoto. Nakubali Cobh ina meli za watalii na jina la Titanic, iliyotia nanga nje ya bandari ile Aprili 1912, hivyo mizani haiko sawa sana. Lakini zile familia ninazoziona kwenye treni hazijashuka kwenye meli. Ni watu wa Cork.

Kwa hiyo pendekezo langu: reli ya Youghal hatutaifukua chini ya lami na kuirudisha kesho, basi iwepo tiketi moja ya familia wikendi za kiangazi, treni hadi Midleton na basi linalosubiri stesheni, lenye nafasi ya vigari, liende moja kwa moja ufukweni. Jioni wote warudishwe jijini, siyo Mahon Point.

Najua kuna wenye maduka watakaosema hiyo ni kuwatoa wateja mjini siku ya mauzo. Hao wateja hawapo mjini, wapo kwenye foleni ya Castlemartyr. Anayeona bado dawa ni maegesho, aanze kwa kutueleza Youghal, penye maegesho na pasipo na marufuku yoyote, zile fremu zimefungwa na nini.