Msana wa nyumba ya mawe: spika tano za kweli au saundiba?

MkaaLangoni
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nataka ushauri kabla sijatoa pesa. Nyumba yetu ni ya mawe, Langoni hapa Lamu. Tunatazamia TV kwenye msana wa juu: urefu kama mita saba, upana haufiki tatu, maana boriti ndizo zilizoamua. Ukuta mmoja mfupi una zidaka, vile vishubaka vya ukutani. TV iko katikati ya ukuta mrefu, na sisi tumeielekea kwenye magodoro, mama, dada zangu na watoto, kila mtu na pembe yake. Kuna saundiba, spika moja ndefu ya kukaa chini ya TV, nimeonyeshwa Mombasa, wanasema inazungusha sauti bila spika za nyuma. Bei yake inakaribiana na seti ya spika tano na wufa, ile spika ya sauti nzito. Nichukue ipi? Tunatazama mpira na filamu, zaidi usiku. Ukuta sitoboi, mama hataki, na mji wenyewe ni wa kuhifadhiwa.

Pwani_Sauti
Chukua saundiba. Waya mmoja, kazi imekwisha. Mita tatu spika tano za nini?

FundiSpika_Malindi
Wa alaykumu salaam mwanangu. Mimi kazi yangu ni kufunga spika hapa Malindi, na Mokowe navukia mara kwa mara kwa kazi hiyo hiyo. Kuhusu waya ndugu yetu amesema kweli. Lakini kwa chumba chako na watu wako, mimi nasema spika za kweli.

Saundiba ya namna hiyo hutumia njia mbili. Moja ni kuirusha sauti kwenye kuta za kushoto na kulia ili ikurudie kutoka ubavuni. Ya pili ni hesabu. Sauti ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, la kushoto hulipata baadaye, hata elfu moja ya sekunde haitimii, tena imeshafifizwa na kichwa. Saundiba huiga tofauti hiyo mpaka ubongo ukubali kuwa kuna spika nyuma. Zote mbili zinamtaka mtu akae katikati. Dada yako akijisogeza pembeni mita moja, sauti yote imemrudia kwenye TV. Na kuta zako za ubavuni ziko mbali, mita tatu na nusu kila upande, mmoja wao una zidaka zinazoitawanya sauti. Kwa mtu anayetazama peke yake katika chumba cha mraba ningesema mengine.

Fanya hivi. Hamisha TV iende ukuta mfupi usio na zidaka. Wa zidaka utakuwa nyuma yenu, na hapo ndipo pa spika za nyuma, bila tundu hata moja. Zisogeze mpaka ukingoni mwa kidaka, ukizizamisha ndani zitavuma. Kanuni inataka spika hizo ziwe nyuzi 110 hadi 120 kutoka mbele yako, yaani ubavuni na nyuma kidogo, lakini kwa upana wako zitampigia kelele aliyekaa ukutani. Ziache kule nyuma, juu ya vichwa vya waliokaa, na magodoro yawe mbele yake mita moja na nusu au zaidi. Kisha ipe risiva, ile mashine inayoziendesha spika zote, umbali wa kila spika, icheleweshe yenyewe zile za karibu. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo hata mita mbili sikio linazitambua.

Wufa usiiweke sakafuni hivi hivi. Iwekee mpira chini. Nyumba za mji wa kale zimegusana, na sauti nzito jiwe haliizuii vizuri. Risiva nyingi zina mpango wa usiku unaopunguza vishindo na kuacha maneno yasikike. Utumie.

BintiShela
Naongeza kwa wenye nyumba za makuti. Kuna saundiba zenye spika zinazotazama juu, sauti igonge dari na kushuka. Huku Shela kwenye nyumba tunayopangisha wageni haikusaidia kitu, makuti yanainywa sauti. Hiyo inataka dari ngumu, bapa. Na kakangu, sidhani kama boriti zako zitafaa, zile mbavu zitaikata.

MkaaLangoni
Shukrani dada, na wewe ami. TV mama amekubali ihamie. Sasa ile seti nimeiangalia tena: juu ya boksi imeandikwa 5.1, yaani spika tano na wufa moja, nyuma ina matundu mekundu na meupe, Bluetooth na flashi. Nilipe?

FundiSpika_Malindi
Usilipe mwanangu, tafadhali. Jozi moja ya nyekundu na nyeupe inapitisha chaneli mbili tu, kushoto na kulia, na Bluetooth kutoka kwa TV ni hivyo hivyo. Spika za nyuma zitarudia yale yale ya mbele. Hilo linaniuma sana, kwa sababu watu wanatoa pesa ya spika tano wakapata mbili zilizogawanywa. Tafuta iliyo na HDMI ARC, tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka kwa TV, au angalau tundu la optiko, la waya wa mwanga, na iwe imeandikwa Dolby Digital au DTS, mifumo inayobeba chaneli zote za 5.1. Risiva ya mtumba iliyo hai ni bora kuliko hiyo mpya. Mwambie muuzaji aiwashe sauti ya majaribio mbele yako, kila spika ilie peke yake.

Ukishaiunga, kwenye menyu ya sauti ya TV chagua Bitstream, sauti ipite kama ilivyo risiva iifungue, usiiache kwenye PCM, ambapo TV huifungua yenyewe, kwa ARC au optiko PCM itakurudisha kwenye chaneli mbili. Filamu zilizotiwa maneno na madijei ni chaneli mbili tangu huko zinakotoka. Hizo risiva itazitandaza kwa makisio. DVD halisi nyingi zina 5.1 yenyewe.

Waya wa nyuma nunua wa shaba wa milimita mraba 1.5, mita kumi kila upande zitatosha kupita kwenye pembe ya sakafu. Chumvi ya bahari huigeuza ncha kijani, kwa hiyo acha ziada kidogo uwe unaikata na kuichuna upya.

MkaaLangoni
Nimekupata ami. Ijumaa navuka, nitaipima hiyo pembe ya sakafu kabla ya kuondoka.