Mnamchokoza mbwa mwenye njaa kwa mkono wa mpira, akiung'ata mnamuua. Hiki ni kipimo gani?

Wakuu, habari za jioni. Niko Marekani, siku za wiki nabeba boksi, Jumamosi najitolea kwenye kituo cha mbwa waliookotwa mtaani. Naosha vizimba, nawatembeza, basi. Anayeona mbwa si jambo la kufungulia uzi apite kimya kimya, leo sina subira. Mods mkitaka kuuhamishia jukwaa la mifugo, hamisheni.

Jumanne wamemdunga sindano ya kumuua mbwa mmoja wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Kosa lake ni kufeli jaribio la bakuli.

Kwa msioujua mchezo huu: mbwa anafungwa kamba ukutani, anawekewa chakula kitamu cha kopo, si zile punje kavu za kila siku. Akishainamisha kichwa tu, mpimaji anakuja na fimbo ndefu, mbele yake kuna mkono wa mpira wenye vidole vyote vitano. Anausukuma mpaka usoni pa mbwa, anavuta bakuli, anausukuma tena. Aliyekibuni kifaa hiki ni Sue Sternberg, mkufunzi wa mbwa wa hukuhuku, na vituo vingi vikakidaka kama mkombozi.

Mimi nilikuwepo, nimeshika mlango. Mbwa ameletwa Alhamisi, anapimwa Jumamosi, mbavu unazihesabu. Mkono ulipokuja mara ya kwanza alikakamaa na kula haraka haraka. Mara ya pili akanguruma. Mara ya tatu akaudaka. Yule dada mpimaji akaweka tiki kwenye fomu, wala dakika tano hazijafika. Nikamwambia, dada, huyu ana njaa. Akanijibu kwamba yeye anaandika anachokiona tu.

Mimi nimekulia Muheza. Bibi alikuwa na mbwa wa kufukuza nyani shambani, na kila akimwekea ugali alitupigia kelele: mbwa akila msimsogelee! Hakusomea chuo chochote tabia za wanyama. Huku kuna watu wanalipwa kufanya kilekile tulichokuwa tunachapwa kwa kukifanya.

Na msiniambie ni sayansi. Mwaka 2013 mtafiti Amy Marder na wenzake walifuatilia mpaka majumbani mbwa waliofeli bakuli kituoni. Karibu nusu yao hawakuonyesha ukali huo wa chakula nyumbani, na baadhi ya waliofaulu ndio wakauonyesha. Mwaka 2016 watafiti wengine, Gary Patronek na Janis Bradley, wakaandika wazi kwamba vipimo hivi havizidi kurusha shilingi. Hesabu yao hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Tuseme kituo kina mbwa 100, wakali kweli ni 10. Leta kipimo kinachopatia mara 8 katika kila 10, ambacho ni kizuri kuliko hiki chetu. Kitakamata wakali 8, halafu kitawasingizia wapole 18. Waliofeli ni 26, na wengi wao hawana kosa lolote! Mwaka 2018 zikatoka takwimu za vituo 9 vilivyoacha jaribio la bakuli, na hakukuwa na ongezeko la maana la watu kuumwa. Wa kwetu hawasomi?

Kuna wale mbwa karibu 50 wa kupiganishwa waliokamatwa mwaka 2007 Virginia, kwa Michael Vick, yule mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Watu wengi walitaka wauawe wote. Wakapimwa mmoja mmoja na wataalamu, na aliyeuawa kwa ukali alikuwa mmoja tu. Mbwa wa mapigano hao. Huyu wangu kaudaka mkono wa mpira.

Sisemi mbwa wote ni malaika. Nina kovu mkono wa kushoto, nyuzi sita, na aliyenipa alikuwa amefaulu kila kipengele cha fomu yao hiyohiyo. Alikuwa mpole mpaka siku mtu alipoangusha ndoo nyuma yake.

Kinachonichoma ni kwamba hawaulizi. Jumamosi ileile, baada ya jaribio, nilimtembeza yule wa kahawia kwa dakika kama arobaini. Mwanzoni alitembea mkia katikati ya miguu, kila gari likipita anajibanza ukutani. Tulipokaa kwenye benchi akaweka kidevu juu ya buti langu. Nikamkatia kipande cha mkate wangu, mkono mtupu, mkono wa kweli wenye harufu ya mtu. Alikipokea kwa midomo, taratibu, kama mtu anayepokea sadaka. Nilirudi nikasema. Nikaambiwa fomu haina sehemu ya maoni ya wanaojitolea.

Nimewaandikia barua pepe mbili, jibu ni "tumepokea".

Leo nimefika, kizimba chake kimeoshwa, kinanuka jiki. Ndani wameshaweka jike moja jeusi, limekonda, linatetemeka hata ukikohoa. Kwenye kadi wameandika jaribio Jumatatu asubuhi. Mwongozo unasema chakula mara mbili kwa siku. Mimi nimelilisha mara nne, na nimemwachia ufunguo wa stoo kijana wa zamu ya Jumapili.