15W-40, 20W-50 au SAE 40 tupu: Canter ya zamani yenye 4D33 iwekewe oili ipi?

Mbao za Mafinga
Wakuu, habari za kazi. Nina Canter yenye injini ya 4D33, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo. Niliinunua kwa mtu mwaka juzi na kilomita zilizo kwenye dashibodi siziamini hata kidogo. Kazi yake ni kushusha mbao Dar. Ikirudi inabeba saruji au bidhaa za duka, kwa hiyo mlima Kitonga inaupanda na mzigo mgongoni.

Shida ni hii. Asubuhi taa ya oili inazima vizuri tu. Nikifika Morogoro kwenye joto, nikakutana na foleni na mguu nimeutoa kwenye mafuta, taa inaanza kukonyeza. Nikigusa mafuta inazima. Sasa hivi ndani kuna 15W-40. Fundi wangu anasema niweke 20W-50, "mzee apewe uji mzito". Dereva wangu, ametokea kwenye malori ya zamani, anataka SAE 40 tupu, ile yenye namba moja isiyo na W. Kijana wa duka la spea kaniambia siku hizi watu wote wako 5W-30. Nimechanganyikiwa.

Dumu la Njano
20W-50. Mjadala umefungwa. Fuso yangu ya 6D16 ilikuwa inakonyeza hivyohivyo, nikabadilisha, huu ni mwaka wa tatu inapiga kazi.

Fundi Patasi
Mjadala haujafungwa bado, Dumu.

Mkuu wa mbao, tuanze na hizo namba, maana maduka mengi yanauza kwa mazoea. Iliyo mbele ya W inaeleza oili inavyotembea ikiwa baridi. Ya nyuma ndiyo unene wake injini ikishachemka, inapimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwenye joto hilo oili ya 30 ina unene wa sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5. Ya 40 inaanzia 12.5 na haifiki 16.3. Ya 50 inaanzia hapo 16.3 na haifiki 21.9.

Sasa tazama: SAE 40 tupu na 15W-40 zikishapata moto ni daraja moja. Dereva wako akikwambia 40 tupu ni nzito zaidi hadanganyi, ila uzito anaousema ni wa asubuhi. Wewe taa yako inakonyeza Morogoro saa nane mchana. Hapo hutapata faida yoyote, na asubuhi ya Mafinga utakuwa unawasha injini yenye gundi.

5W-30 iache. Ni oili nzuri kwa injini zilizotengenezwa kwa ajili yake, zenye nafasi ndogo kwenye beringi na zinazotafuta kubana mafuta. Kwako taa haitakonyeza, itawaka moja kwa moja.

Kwa hiyo mashindano ya kweli ni 15W-40 na 20W-50. Na hapo nina swali kabla ya jibu: presha umeipima kwa geji, au tunaongozwa na taa tu? Swichi ya taa nayo huwa inakufa. Fungua ile swichi, funga geji ya mkono mahali pake, ichemshe injini, usome ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Kanuni yetu ya gereji ni presha ya pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Si sheria ya kitabuni, lakini inakupa mwanga.

Nahodha wa Changamwe
Mimi niko Mombasa, huku baridi twaisikia redioni. Lori zetu za changarawe zote twazitilia 20W-50 na hazina neno.

Ila hiyo SAE 40 msiidharau jamani. Yule dereva nafikiri alizoea zile injini za Detroit za mipigo miwili, za 71 na 92. Zile mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyetaka 40 tupu. Nimezitunza kwenye boti, ukizitilia nyingine wajitafutia balaa. Kwa Canter yako lakini, Fundi asema kweli, si mahali pake.

Baridi Njombe
Mafinga na huku kwetu tusidanganyane. Julai ukipanda Makete unakuta sakitu kwenye majani. 20W-50 itaganda kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, injini izunguke kavu, uue beringi. Nimeona kwa macho.

Fundi Patasi
Baridi, naheshimu macho yako, ila haigandi. Oili ikiitwa 20W maana yake imepimwa na bado inavutika na pampu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. 15W inapimwa 25 chini ya sifuri. Hizo nyuzi Tanzania labda uzitafute juu kabisa Kilimanjaro, na Canter haifiki huko. Kinachotokea ni kwamba nzito inachelewa kufika juu kwenye tapeti. Utasikia zinagonga sekunde mbili tatu za ziada. Kila asubuhi, mwaka mzima, katika hizo sekunde chuma kinalika. Hapo nakubaliana nawe, ndiyo maana kwa anayelala Mafinga naipenda 15W-40.

Dumu la Njano
Sekunde mbili! Na mimi miaka mitatu.

Binti Spana
Samahani kaka zangu, mmebishana unene na hakuna aliyemuuliza mwenye gari swali la kwanza. Kaka wa mbao, ukichomoa stiki ya oili, oili inashuka au inapanda?

Nauliza kwa sababu 4D33 ina pampu ya dizeli ya mstari, na pampu ile inalainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ubavuni mwake kuna pampu ndogo ya kuvutia dizeli, ile yenye kibonyezo cha mkono. Kipini chake kikilika, dizeli inapenya ndani ya nyumba ya pampu na kutoka hapo inateremka mpaka kwenye sampu. Unakuwa umenunua 15W-40 lakini unaendesha 15W-40 iliyoongezwa maji, maji yenyewe ni dizeli. Asubuhi bado inajitahidi. Ikichemka inakuwa chai.

Fanya hivi. Zima gari ikiwa ya moto, chomoa stiki, dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe, iweke juu ya kitu bapa, nenda kanywe soda. Ukirudi utakuta doa jeusi katikati, hilo ni masizi, kawaida kwa dizeli. Ukiona nje ya jeusi kuna duara pana lililolowa, halina rangi, na tishu inanuka kibatari, basi ugomvi wako si wa 40 wala 50.

Na kama oili inashuka, hiyo ni habari nyingine. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha halafu unakata, angalia sili za valvu. Moshi kwenye mlima na injini inapumua, yaani inasukuma hewa na moshi kwenye shimo la kujazia oili, hapo ni ringi za pistoni. Ringi zikichoka, 20W-50 itakupunguzia ulaji wa oili, nakiri. Dumu huenda ndivyo ilivyomtokea. Ni fimbo ya kutembelea, sawa, ila mguu bado umevunjika.

Mbao za Mafinga
Dada umenishtua. Mimi nilikuwa najisifu kwamba gari halili oili! Nimeenda kupima sasa hivi. Ipo juu ya alama ya F kama upana wa kidole, na wiki tatu hazijaisha tangu nimwage. Nilidhani kijana alizidisha kujaza.

Nahodha wa Changamwe
Gari isiyokula oili kabisa na injini ya umri huo ni ya kuitilia shaka, si ya kujisifia 😄

Baridi Njombe
Usiiendeshe hivyo na mzigo mkuu. Oili ikizidi na krenki ikaanza kuipiga, povu hilo.

Tanki Dodoma
Nadandia hapo hapo. Kwenye dumu wameandika daraja la oili CF-4, jingine CI-4, jingine SL. Kwa hizi 4D ni ipi? Mzee wangu anasema CF-4 ndiyo ya rika lake.

Fundi Patasi
C ni dizeli, S ni petroli. Dumu lenye S peke yake usiliweke kwenye dizeli, halina nguvu ya kubeba masizi. CF-4 ni ya 1990, CH-4 ni 1998, CI-4 ni 2002. Zinazofuata zilitungwa zifae na injini zilizotangulia, kwa hiyo CI-4 kwenye 4D33 ni sawa kabisa na ni bora. Rimula, Rubia, Delo, zote zina 15W-40 yenye daraja la kutosha, chagua inayopatikana kwenye duka unaloliamini. Neno "unaloliamini" nimelisema kwa makusudi. Niliwahi kufungua dumu ambalo sili yake ilikuwa imegundishwa kwa supagluu, ndani kuna kitu cheusi kama kahawa. Oili feki haina 40 wala 50.

Mbao za Mafinga
Nimerudi na majibu, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa barabarani.

Tone kwenye tishu lilitoka kama Binti Spana alivyosema. Doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha shati, na nje yake duara lililolowa kama sahani ya kikombe. Tulipofungua nati ya sampu oili ilitoka kwa kasi kama maji ya bombani, fundi wangu mwenyewe akanyamaza. Tumebadilisha ile pampu ndogo. Tukamwaga, tukaweka 15W-40 ya CI-4 na filta mpya, nikatembea kilomita mia tano, nikamwaga tena ili kuosha mabaki. Ya tatu ndiyo iliyomo sasa.

Geji nimefunga. Jana Morogoro, saa saba na nusu, foleni, silensa, inasoma pauni 14. Taa imelala. Stiki haijapanda.

Binti Spana
14 kwenye silensa ikiwa ya moto, kwa injini isiyojulikana umri, mimi ningelala usingizi. Endelea kupima tishu kila ukikaribia kumwaga. Presha ikishuka chini ya 8 bila dizeli ndani, hapo fungua sampu muangalie beringi, na ndipo unaweza kujadiliana na Dumu.

Dumu la Njano
Nimepima yangu leo kwa ajili yenu. Tishu ni safi, hakuna duara. Inashuka nusu lita kwa wiki.

Fundi Patasi
Inapumua?

Dumu la Njano
Inapumua kidogo.

Nahodha wa Changamwe
Kidogo kama nini, sheikh?

Dumu la Njano
Kifuniko cha oili nikikilegeza kinarukaruka.