Mvua imenyesha kubwa lakini chini ardhi kavu, mtama wangu unakauka (Kongwa)

Wakuu, naombeni ushauri. Nina ekari tatu za mtama hapa Kongwa. Wiki mbili zilizopita ilipiga mvua karibu saa nzima, nikapanda. Jana nimechimba kwa panga: unyevu ni urefu wa kidole tu, chini yake vumbi. Saa nne asubuhi majani yameshajikunja. Jirani yangu alipata mvua ileile na shamba lake bado bichi. Nimekosea wapi? Nirudishie mbegu?

Mzee wa Uwele: Pole mkuu. Kabla ya mbegu, maji yalikwenda wapi? Milimita 20 kwenye ekari moja ni kama lita 80,000. Nenda upande wa chini wa mteremko. Ukikuta vijifereji na mchanga umelundikana, shamba lilinyeshewa ila halikunywa. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na matone ukiwa mtupu hufunga ukoko, maji yanateleza kama juu ya bati.

Binti Chamwino: Na vimvua vya milimita tano visikudanganye, jua la huku linavimaliza siku mbili. Mimi nachimba mashimo ya Chololo, kile kijiji chetu cha Dodoma: upana sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90. Samadi chini, mbegu juu. Ni mashimo kama 7,500 kwa ekari, kazi nzito kweli, lakini msimu unaofuata unapanda humohumo.

Muulizaji: Asanteni sana. Mchanga nimeukuta, umefika hadi njiani. Nimejaribu na jembe, kwenye sentimita 15 hivi linagonga pagumu kama sakafu.

Mzee wa Uwele: Ndiyo shida yako hiyo. Kulima kina kilekile miaka yote hushindilia tabaka, maji hayapiti wala mizizi. Livunje baada ya mavuno, kwa ripa ya ng'ombe, lile jembe jembamba la kuchana ardhi chini, ukiipata. Kwa sasa mashimo acha, utang'oa miche. Palilia uvunje ukoko, inua matuta ya kukinga mteremko, uyafunge kwa vituta vya kukatiza mfereji kati ya tuta na tuta, kila hatua mbili tatu. Kurudishia, ngoja mvua ilowanishe kina cha kiganja kizima, na utumie mbegu ya muda mfupi kama Macia.

Muulizaji: Kesho alfajiri naanza. Vituta vilingane na matuta, mzee wangu?

Mzee wa Uwele: Hapana, viwe chini kidogo. Maji yakizidi yapite juu ya kituta, yasibomoe tuta.