Forester turbo ya zamani inakula maji ila chini pakavu: nianzie wapi kabla ya kushusha injini?

RejetaKavu

Wakuu habari. Gari ni Forester SG5 ya 2004, injini EJ205 ya turbo, gia za mkono. Linakula maji. Chupa ya akiba inapungua kama nusu lita kwa wiki na chini ya gari pakavu kabisa. Geji ya joto haijawahi kupanda, hita inatoa joto vizuri, oili haina rangi ya maziwa. Nikizima gari likiwa la moto, harufu tamu inatoka upande wa kulia kwa nyuma, baada ya dakika chache inaisha. Asubuhi kuna moshi mweupe kidogo, kisha unapotea.

Fundi kasema ni hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na bloki), injini ishuke. Kabla sijakubali: napimaje, na kwa mpangilio gani? Na nikishafungua, nibadilishe vitu gani kabisa?

---

SpanaKumi

Mkuu, injini ibaki hapo hapo kwanza.

Upande wa kulia kwa nyuma ndipo turbo ilipo, na juu yake kuna tangi dogo la kulanti (maji ya kupozea injini) lenye mfuniko wake. Maji yanatoka kwenye hedi ya kulia, yanapita ndani ya turbo, yanapanda hadi kwenye hilo tangi. Limewekwa juu makusudi. Ukizima gari pampu inasimama lakini turbo bado ni ya moto sana, kwa hiyo maji yaliyopata moto yanapanda yenyewe na yenye ubaridi yanashuka kushika nafasi. Hozi zinazofanya kazi hiyo zinaokwa kila siku, na zako huenda zina miaka 20. Zikianza kuvuja, tone linaangukia chuma cha moto na kuwa mvuke kabla halijafika chini. Harufu yako inatoka hapo, na pakavu chini hapashangazi.

Moshi wa asubuhi unaopotea ni unyevu uliolala kwenye ekzosi. Wa kuogopa ni ule unaoendelea hata injini ikishapata moto, tena wenye harufu tamu.

Kupima: injini iwe imelala usiku kucha, baridi kabisa. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu chini ya presha ya mfuniko unaweza kufika karibu nyuzi 129 bila kuchemka. Ukifungua ukiwa wa moto, presha inatoka na wote unachemka kwa mkupuo, unakurukia.

Tafuta pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, ile yenye geji. Jaza maji hadi shingoni kwanza, maana hewa nyingi ndani inafanya geji ishuke polepole na tundu dogo litakupita. Fungua mfuniko wa tangi la juu ya turbo, funga pampu hapo, ule wa rejeta uache umefungwa. Pampu mpaka bar 1.1 na uishie hapo. Kuzidisha ili upate jibu haraka ni kuitafutia rejeta ya plastiki ufa mpya. Subiri dakika 20 hivi.

Geji ikishuka, fuata njia. Toa ngao ya joto ya turbo, washa tochi, tumia kioo kidogo cha mkono. Unachotafuta hasa ni ukoko: chumvi nyeupe, ya kijani au ya rangi ya kulanti yako, kwenye mwisho wa hozi, chini ya klampu au kwenye chuma cha turbo. Pitisha kidole chini ya kila maungio, kwa sababu tone hujificha upande usioonekana. Ukikuta ukoko, ufute, pampu tena, uone kama unalowa upya. Ukoko mkavu unaweza kuwa wa tatizo lililotengenezwa zamani.

Jambo moja watu hulisahau: kuna uvujaji wa baridi tu. Mpira mkavu husinyaa injini ikipoa, klampu ya skrubu haifuati, maji yanachuruzika usiku, kisha injini ikipata moto panaziba. Ukipima gari likiwa la moto utaapa ni zima.

---

BoksaNne

Naongezea ya SpanaKumi. Kabla hata ya pampu, angalia vifuniko. Gari hili lina viwili na havilingani: cha tangi la turbo kinafunguka kwa presha ndogo (karibu kPa 108), cha rejeta kwa kubwa zaidi (karibu kPa 137). Cha tangi kinatakiwa kitangulie kufunguka, maana pale ndipo juu kabisa na hewa inakusanyika pale. Fundi akivibadilishanisha wakati wa kuosha, hewa inabaki kwenye tangi na maji yanasukumwa kutokea kwenye rejeta. Soma namba iliyopigwa juu ya kila kimoja.

Mfuniko una vali mbili. Ya kwanza inatoa presha, ya pili, ile ndogo ya katikati, inaruhusu maji kurudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa. Raba ya hiyo ndogo ikikauka, au kamrija kanakokwenda kwenye chupa kakiwa na ufa, maji yanatoka na hayarudi: chupa inajaa huku tangi linakauka. Pampu nyingi za kupimia huja na kipande cha kupimia mifuniko. Kama huna, weka mipya miwili ya presha sahihi, haina hasara.

Sasa maeneo mengine yanayomdanganya fundi kwenye injini hizi za EJ:

Bomba la maji linalounganisha pande mbili juu ya bloki, chini ya menifoldi ya hewa, lina oringi (pete za mpira). Zikikauka, maji yanajaa kwenye kibonde juu ya bloki, yanatambaa nyuma na kudondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Mtu anayeangalia kwa chini anasema ni sili ya krenki au hedi gasketi. Hedi za watu zimeshafunguliwa bure kwa sababu ya oringi hizo. Hapo hapo juu kuna vihozi vidogo vinavyopeleka maji kwenye throto. Kuviona, toa intakula (kipozeo cha hewa ya turbo): bolti mbili za spana 12 pembeni, klampu za mabomba yake, na bolti mbili za vali ya kutolea upepo.

Kipozeo cha oili, kile kilichokaa juu ya filta ya oili, kina hozi mbili fupi zinazokaa karibu na ekzosi. Paguse kwa kidole.

Pampu ya maji ina kitundu cha kutolea jasho. Sili ikichoka, maji yanatokea hapo na kuteremka ndani ya kava la taiming. Ukiona ukoko kwenye ukingo wa chini wa kava, upande wa kushoto mbele, fungua kava. Mkanda wa taiming ukishalowa kulanti unabadilishwa, hakuna kuupangusa.

Rejeta: tangi la plastiki la juu likiwa limegeuka kahawia linakaribia kupasuka. Angalia pale plastiki ilipokunjiwa alumini, na kwenye skrubu ya plastiki ya kutolea upepo.

Hita: zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wa kunata na kioo kikifuka ukungu wenye harufu tamu, ni rejeta ya hita. Maji ya AC hayanati wala hayanuki.

---

MvukeMweupe

Kuhusu hedi gasketi, isihukumiwe kwa kukisia na isiachiliwe kwa kukisia. Kwenye EJ za turbo mara nyingi haivuji nje. Inapasuka kwa ndani, gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Dalili yake si geji ya joto kupanda kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), bali kupanda ukipanda mlima au ukikanyaga turbo ijaze, kisha kushuka ukiachia. Chupa ya akiba inafurika na kutoa mapovu yasiyoisha. Hozi ya juu ya rejeta inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto.

Kipimo chake ni kile cha maji ya bluu: punguza kulanti kidogo kwenye tangi la turbo, weka kichupa chenye maji hayo ya bluu shingoni, vuta hewa ya juu ya maji kwa balbu yake injini ikiwa inanguruma na imepata moto. Gesi ya ekzosi ikiwepo, bluu inageuka njano. Angalia kichupa kisinyonye kulanti yenyewe, kitakuharibia dawa. Rudia baada ya kuendesha kwa mzigo, maana ufa mdogo haujionyeshi kwenye sailensa.

Kama presha inashuka na nje hakuna unyevu popote, toa plagi zote, acha gari na presha usiku kucha, asubuhi zungusha krenki kwa mkono polepole. Silinda yenye maji itayatema kwenye tundu la plagi. Usipige stata plagi zikiwa zimefungwa: maji hayabanwi, utapinda koneroodi.

---

RejetaKavu

Asanteni sana wakuu. Majibu: bar 1.1 imeshuka hadi 0.8 ndani ya dakika 20. Hozi iliyokunjwa inayotoka hedi ya kulia kuingia turbo ina ukoko wa kijani mwishoni na imekuwa ngumu kama fimbo. Juu ya bloki pia kuna unyevu, chini ya menifoldi. Maji ya bluu yamebaki bluu hata baada ya mlima. Vifuniko vilikuwa vimebadilishanishwa kweli.

Naweza kutia ile dawa ya kuziba kwa sasa, hozi nizitafute baadaye?

---

SpanaKumi

Dawa hapana. Inaziba palipo pembamba, na palipo pembamba kwenye gari hili ni rejeta ya hita na njia za maji za turbo. Turbo ikikosa maji, oili inaungua kwenye beringi na kugeuka masizi. Ya kukufikisha nyumbani ukiwa umekwama porini, labda. Ya kuishi nayo, hapana. Hozi iliyokakamaa hivyo haitakusubiri pia. Siku ikipasuka, maji yanaisha kwa dakika chache, na sensa ya joto ikiwa haina maji ya kupima, geji inaweza kukuonyesha mambo ni shwari huku hedi inapinda.

Kazi yenyewe: mwaga kulanti kwa koki ya chini ya rejeta kwenye chombo safi, na usikiache wazi, ni sumu na utamu wake unavuta mbwa na watoto. Toa intakula na ngao. Hozi ngumu usiivute kwa koleo, utapinda kibomba cha turbo. Ichane kwa wembe kwa urefu, imenye. Sugua kibomba kwa brashi ya shaba hadi kiwe laini, hasa alumini iliyoliwa na kutu nyeupe, maana hozi mpya juu ya mashimo itavuja vilevile.

Nunua hozi iliyofinyangwa kwa umbo lake. Ya moja kwa moja ukiikunja kwenye kona ile itajibana na maji hayatapita. Hozi ya petroli haifai kwa kulanti. Silikoni inavumilia joto, lakini inapitisha mvuke kidogo kidogo na inahitaji klampu laini isiyoikata. Mimi ningeweka mpira wa kawaida wa umbo la kiwandani pamoja na klampu za springi. Springi inafuata mpira unaposinyaa. Ukigusa maungio ya turbo yenye bolti yenye tundu, wosha za shaba ziwe mpya, pande zote mbili.

Kwa kuwa umefika huko, badilisha na hozi ya pili, ile ya kutoka turbo kwenda kwenye tangi. Zina umri mmoja.

---

BoksaNne

Na unyevu wa juu ya bloki usiuache. Menifoldi ikishatoka, badilisha oringi za bomba, vihozi vya throto na gasketi za menifoldi kwa pamoja. Kabla ya kuinua menifoldi puliza mchanga wote kwa upepo, kisha ziba matundu ya hedi kwa kitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, ndipo injini itashuka kweli. Oringi zipake kulanti kidogo ziteleze, siyo grisi ya kawaida.

Pampu ya maji iache mpaka zamu ya mkanda wa taiming, isipokuwa kitundu chake kinalia. Siku hiyo weka gasketi mpya ya chuma, kaza bolti kwa Nm 12 kwa mpangilio wa kitabu, rudia mzunguko wa pili kwa nguvu hiyo hiyo. Themostati weka ya kiwandani. Nyingi za bei chee ni ndogo kwa umbo na zinachelewa kufunguka.

---

MvukeMweupe

Kujaza ndiko watu wanakoharibu. Kulanti ni nusu, maji yaliyotoneshwa (distilled) nusu. Andaa lita 8. Rangi haikuambii aina, soma kopo, na kama hujui ya zamani ni ipi, suuza mfumo kwanza.

Inua pua ya gari. Legeza skrubu ya upepo juu ya rejeta, weka hita kwenye joto la mwisho. Mimina polepole kupitia tangi la turbo huku unaminya hozi za rejeta, mpaka skrubu itoe maji bila povu. Ifunge kwa mkono, ni plastiki. Jaza rejeta, funga mfuniko wake, jaza tangi hadi shingoni, funga. Washa, shikilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hita ikitoa baridi kwenye sailensa na joto ukikanyaga, hewa bado imo. Acha ipoe kabisa, fungua, ongeza, rudia. Chupa ijaze hadi alama ya juu.

Asubuhi inayofuata rudisha pampu ya presha, bar 1.1, dakika 20. Ikisimama palepale, funga ngao ya turbo. Usiifunge kabla.