Simu ndegeni: tatizo ni mawimbi au betri?

Msafiri Mpya: Wakuu, naomba kueleweshwa. Kama mawimbi ya simu yanaweza kuangusha ndege, mbona hatunyang'anywi mlangoni kama wenye visu? Na kama hayawezi, kuna haja gani ya hali ya ndegeni? Halafu pawabenki ya 20,000 mAh inakaa begi gani?

Fundi Mawimbi: Anza na nguvu ya simu. Ikiwa karibu na mnara hutoa nguvu kidogo sana. Mnara ukiwa mbali hupandisha hadi kikomo, na kwa 2G ya 900 MHz kikomo ni wati 2, zinazotoka kwa mapigo 217 kwa sekunde. Ndiyo ile "drrr-drrr" unayoisikia kwenye redio kabla simu haijaita. Mlio huohuo ukiingia kwenye hedifoni za rubani wakati mnara wa uwanja unampa kimo cha kushukia, neno moja linaweza kumpita. Injini haizimiki kwa simu yako. Anayesumbuliwa ni rubani, tena anapokaribia kutua.

Ndiyo maana Ulaya iliporuhusu simu angani mwaka 2008, ndege ilitakiwa kufungwa kituo chake kidogo cha mtandao. Simu ikikiona kituo kilichopo mita chache tu, inashuka nguvu yenyewe. Pasipo kituo hicho, hali ya ndegeni ndiyo dawa. Ukishaiwasha unaweza kurudisha Wi-Fi na Bluetooth kama wahudumu wameruhusu. GPS hupokea tu, haitumi.

Marekani kuna sababu nyingine: FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, ilipiga marufuku simu angani mwaka 1991 kwa kulinda mitandao ya ardhini, kwani simu iliyo juu inafikia minara mingi kwa wakati mmoja.

Kamba ya Antena: Fundi, usiwatoe watu hofu yote. Mwaka 2014 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliamuru aina fulani ya skrini za marubani za kampuni ya Honeywell, kwenye Boeing 737 na 777, zibadilishwe, kwa kuwa majaribio yalionyesha zinaweza kuzimika kwa muda zikipigwa na mawimbi ya redio, Wi-Fi ikiwemo. Nadra, ndiyo, lakini si hadithi za vijiweni.

Mpanga Mizigo: Mimi naona mnabishania mawimbi huku moto uko kwenye betri.

Pawabenki: begi la mkononi, kamwe si la kwenye buti. Ikiwaka kule chini hakuna anayeiona, na gesi ya kuzimia inaua miali tu. Joto linaendelea kuruka kutoka seli moja hadi nyingine. Begi lako la mkononi likichukuliwa mlangoni kwa sababu kabati zimejaa, itoe kwanza.

Hesabu: mAh ÷ 1000 × 3.7 (volti za seli) = Wh, yaani wati-saa. Yako ni 74 Wh, inapita. Wengi hukosea kwa kuzidisha na volti 5 za USB. Hadi 100 Wh haihitaji kibali. Kuanzia 100 hadi 160 unaomba shirika, mwisho mbili. Zaidi ya hapo iache nyumbani. Soma pia masharti ya shirika lenyewe: Emirates, tangu Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu, na huruhusiwi kuitumia kuchajia simu wala kuichaji yenyewe ukiwa ndani.

Simu ikitumbukia kwenye kiti, usiguse kitufe cha kulaza kiti. Vyuma vyake huikunja betri na hapo ndipo moshi huanza. Ita mhudumu. Ikishawaka, mwagia maji au soda mfululizo hadi ipoe. Barafu au blanketi hapana, vinafungia joto ndani.

Msafiri Mpya: Asanteni sana. Yangu maandishi yamefutika yote, hata mAh haionekani.

Mpanga Mizigo: Basi wakaguzi wana haki ya kuichukua, risiti unayo au huna. Safiri na iliyochapwa Wh kwenye ganda. Hiyo, kama pia imevimba, usiichaji tena hata nyumbani.