Naomba ushauri: tuhamishe programu ya OpenGL au tuandike upya?

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kushughulika na programu za zamani.

Kazini tuna programu ya kuchora ramani za wapima ardhi. Imejengwa juu ya OpenGL, mfumo wa kuchora picha kwa kadi ya picha uliotolewa na Silicon Graphics mwaka 1992, na sehemu kubwa bado inatumia glBegin na glEnd, zile amri za kizamani za kutuma nukta moja moja. Kwenye Windows haina shida. Tatizo ni Mac: Apple walitangaza 2018 kwamba hawaiendelezi tena, wanataka watu wahamie Metal (mfumo wao wenyewe wa michoro), na toleo lao limekwama kwenye 4.1. Inafanya kazi bado, ila nina wasiwasi na siku watakayoiondoa.

Bosi anataka tuandike upya yote kwa Vulkan, mfumo mpya zaidi wa michoro. Mimi nasita. Mle ndani kuna miaka ya marekebisho madogomadogo, pamoja na hesabu za mipaka ya viwanja ambazo hazikuandikwa kwingine popote, na mzee aliyezitunga ameshastaafu. Tukianza upya tutazipoteza kimyakimya.

Nimeiangalia ANGLE ya Google, inayotafsiri OpenGL ES (toleo dogo la OpenGL, la simu na vifaa vidogo) kwenda Metal, Vulkan au Direct3D ya Windows. Lakini ES haina glBegin, hivyo lazima kwanza nibadilishe uchoraji wote utumie bafa (data inayohifadhiwa kwa mkupuo kwa ajili ya kadi ya picha) na sheda (programu ndogo zinazoendeshwa na kadi hiyo).

Kuna aliyepita njia hii? Nianze na bafa na sheda hukuhuku kwenye OpenGL, ANGLE ije baadaye, au niende Vulkan kupitia MoltenVK, inayoendesha Vulkan juu ya Metal? Na mlihakikishaje kwamba ramani mpya inalingana na ya zamani?